Yavute na Magego Yangu

Kwa Daktari wa Kunyoosha Meno,
Kliniki iliyo juu ya duka la viatu, Wynberg.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini u mzima na mikono yako haitetemeki. Mimi ni Hettie Fortuin wa Bonteheuwel, Ouma, yaani bibi yake Ashlene, yule msichana mrefu uliyemvisha plastiki mdomoni. Shule mimi sikuiona hata mlango. Anayeandika ni jirani yangu Moira. Akichakachua maneno yangu nitamjua kwa uso.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ashlene aling'olewa gego akiwa mdogo, likabaki pengo ubavuni lisilomsumbua mtu. Wewe umemwambia magego ya nyuma yatavutwa mbele polepole mpaka pengo lizibike, kwa vifuniko vya plastiki visivyoonekana. Kama havionekani, mbona mimi naviona kila akipiga mwayo?

2. Jumapili asubuhi nakaanga koesista, maandazi yetu ya sukari, nazigaragaza kwenye nazi, naye Ashlene ananiambia, "Baadaye, Ouma," kwa sababu akila lazima avue, apige mswaki, avae tena. Zinaliwa na Moira, ambaye hakuwa na upungufu wa mwili. Andika hivyo hivyo, Moira.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mtaani kwetu msichana akianza kutazamwa, anang'oa meno manne ya mbele. Mimi niling'oa yangu yakiwa mazima kabisa, nikaonekana mrembo. Marehemu mume wangu Frikkie alinipendea pengo, au walau hilo ndilo alilolisifu. Sasa kama mjukuu anaona haya kwa pengo la nyuma lililojificha, hili langu linaloonekana toka barabarani atalivumiliaje? Mwezi ujao anahitimu ualimu. Hajanialika. Akiongea nami anaziba mdomo kwa kiganja, kama anayenifundisha adabu.

4. Kwa hiyo naomba, tena kwa heshima: kama magego yanatembea, tembeza na yangu. Ninayo mawili juu, moja kila upande, hayana kazi. Yalete mbele yakutane katikati. Ni safari ndefu, najua, yapumzike njiani. Nitafanana na sungura aliyezeeka vibaya, lakini nitapigwa picha na mjukuu wangu.

5. Ikishindikana, rudisha ya Ashlene nyuma, tuaibike pamoja.

Nisalimie dada wa mapokezi, mama yako mzazi, na wote walio kitini midomo wazi.

Wako mwenye kinyongo cha heshima,
Hettie Fortuin (dole gumba)

N.B. Moira alikuwa hajalamba bahasha, Ashlene akaingia, akaisoma yote akiwa amesimama. Kumbe anaziba mdomo kwa sababu vifuniko vipya vinamfanya arushe mate. Alicheka, kisha akalia, akasema, "Ouma, ukiliziba hilo pengo, mimi nikiwa jukwaani nitakutambuaje kwenye ule umati?" Moira anakataa kuandika upya, basi barua naituma ilivyo. Yake endelea kuyavuta. Mimi nimewekewa kiti safu ya mbele kwenye mahafali. Magego yangu yabaki huko huko nyuma.