Mkasi wa Florentine na Mpira Wetu wa Amani

Baraka, siku ya soko

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Zone yetu ya Afya,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu mimi, Anatole Alimasi, Mwenyekiti wa Kamati ya Amani ya mtaa wetu. Nimeshika kalamu kwa uchungu kumshtaki muuguzi Florentine, mliyetuletea katika chumba cha meno. Malalamiko yetu ni haya:

1. Florentine ana mkasi. Akimaliza kumng'oa mtu jino, anauchukua ule mpira mwembamba wa kunyonya damu na mate, anaukatakata mbele ya mgonjwa, kisha vipande anavitupa kwenye sanduku la kuchomwa. Mpira mzima, Daktari, uliotumika mara moja tu. Hata motard wa pikipiki hapati kipande cha kuvutia mafuta. Mzee Éliezer, aliyemtangulia, alitumia mpira mmoja tangu aanze kazi. Aliusuuza kwa maji ya ziwa, akauanika kambani karibu na ndagala, na kazi ikaendelea. Wengine tulisikia ladha ya samaki na hatukulalamika.

2. Mpira ule ulitupatanisha. Unajua tulivyokaa miaka na ndugu zetu wa milimani, tukisalimiana kwa mbali. Ndipo jino langu na jino la Bizimana, mfugaji wa kule milimani Bibokoboko, yakauma siku moja. Tulikutana kwenye benchi la Mzee Éliezer, kila mmoja ameshika shavu. Nikamkaribisha atangulie, maana ni mgeni. Akakataa: "We njo mukubwa, anza we." Tulibishana kwa adabu mpaka Mzee Éliezer akanivuta mkono. Nikaanza mimi; mpira ukatoka kwangu ukaingia kwake. Tangu siku hiyo tunaitana ndugu. Yeye huniletea maziwa, nami humpelekea ndagala. Semina ngapi za amani zimeshindwa kufanya hivyo, na soda zilikuwepo?

3. Anafundisha uchoyo. Anawaambia bamama kwenye benchi: "Kila muntu na mupira yake." Leo mpira, kesho kila mtu atadai sindano yake, keshokutwa wembe wake, na mwisho hata kaburi kila mtu atataka lake peke yake.

4. Hili ndilo lililonikata maini. Florentine alinitazama machoni, akasema yamegeuka manjano, akanituma hospitali kupima damu. Jibu likarudi: hepatite, ugonjwa wa ini. Alinieleza kwamba ugonjwa huu hupita katika damu inayobaki ndani ya mpira, na kwamba maji ya ziwa hayauondoi. Nikamwambia kama ulikuwa kwenye mpira wa wote, basi ni mali ya jumuiya. Kwa nini uandikwe jina langu peke yangu? Hakucheka. Aliniuliza ni nani aliyekaa kwenye kiti baada yangu. Hilo ni swali la kumuuliza mtu wa amani? Niliondoka bila kujibu.

Kwa hiyo Kamati inaomba Florentine ahamishwe, mkasi wake apewe fundi cherehani, na mpira wa Mzee Éliezer, ambao tumeutundika ofisini chini ya picha ya wajumbe, urudishwe kazini kwa hotuba na nyimbo. Hotuba ninayo tayari.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, dereva wako, na yule mlinzi wa getini aliyenizuia mara ya mwisho. Wagonjwa wote uwape pole.

Ni mimi, mjenzi wa umoja,
Anatole Alimasi

N.B. Ningeiandika upya barua hii, lakini Katibu ameshaipiga muhuri. Bizimana amenipigia simu. Anashuka wiki hii kung'oa jino lingine, na kwa kuwa langu nalo linauma, anataka twende pamoja. Nimemsihi safari hii atangulie yeye. Amekataa: "Hapana, mukubwa njo anaanzaka." Unawajua watu wa milimani kwa adabu, kuwapinda hakuwezekani. Daktari, mtu yule ninampenda, sitaki damu yangu imtangulie tena. Nimerudi kwa Florentine nikamjibu swali lake. Amesema nimlete Bizimana apimwe damu kwanza, na kwenye kiti kila mmoja wetu atafunguliwa mpira mpya, atangulie yeyote. Basi usimhamishe. Ule wa ofisini nimeutoa ukutani na kuukata kwa mkono wangu. Ulikuwa mgumu kwa uzee, na mkasi wa Florentine umekuwa butu. Tafadhali mtumie mwingine kabla Bizimana hajafika.