Dirisha la Mkuu wa Kitengo

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo cha picha anastaafu. Ametangaza kwenye kikao cha asubuhi, kisha akapiga chafya. Wenzangu walimtazama yeye. Mimi nilitazama dirisha lake.

Ofisi yake ndiyo pekee yenye dirisha. Chumba changu cha eksirei kimezibwa kwa madini ya risasi pande zote ili mionzi isitoke. Haitoki. Wala mimi sitoki. Mvua ikinyesha najua kwa viatu vya wagonjwa.

Wanaofaa kumrithi ni wawili: mimi na mama wa altrasaundi, chumba cha pili, tunayemwita Mama Jeli kwa ile jeli anayowapaka watu tumboni. Yeye anatumia sauti. Kali mno hata sikio haliisikii, lakini sauti tu: inaingia mwilini, inagonga, inarudi kama mwangwi. Mimi natumia wimbi la sumakuumeme, ukoo mmoja na mwanga na redio, lisilohitaji hewa wala maji ili lisafiri. Mwangwi hata kisimani upo. Ofisi ni yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanzia kwenye benchi la wagonjwa. Bibi mmoja amemleta mkwewe mjamzito. Nilimnong'oneza kwamba mashine za humu zina mionzi, na kama angekuwa mkwe wangu nisingemlaza chini ya yoyote. Sikutaja mashine. Nilitupa jicho tu kwenye mlango wa Mama Jeli. Bibi akasema, "Ahsante baba, Mungu akuweke," akamshika mkwewe mkono wakaondoka.

Kufikia mchana benchi zima lilikuwa linanong'ona. Nimekula mkate wangu gizani kwa raha.

Alhamisi, 6 Machi
Uvumi umemfikia Mama Jeli. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisimama mbele ya benchi akaeleza kwamba yake ni sauti, kama anayotumia popo, na popo hajaungua. Mionzi iko upande ule. Akaonyesha mlango wangu.

Alieleza kwa haki, siwezi kukataa. Alisema eksirei ni wimbi fupi sana lenye nguvu nyingi, ndiyo maana linapenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa, na kwamba mtu akiihitaji, kipimo chake ni kidogo, hana la kuogopa. Hapo mwishoni hakuna aliyekuwa bado anasikiliza. Fundi seremala aliyevunjika mkono, mkono unaning'inia kama nguo kambani, aliomba apimwe kwa sauti. Mama mmoja akamwambia, "Kimbia, kaka, huyo atakuchoma hadi wajukuu."

Leo nimepiga picha ya mguu mmoja. Wa askari wa getini, na yeye alilazimishwa.

Ijumaa, 7 Machi
Sauti ile ina udhaifu: haipendi hewa. Ikikuta hewa kidogo tu kati ya kifaa na ngozi, karibu yote inarudi ilikotoka. Kazi ya jeli ni kuiondoa hewa hiyo. Bila jeli, skrini ni giza. Nimezibeba chupa zote za stoo, nikazificha nyuma ya aproni za risasi.

Mama Jeli alipita mlango kwa mlango. Kwangu akauliza, "Kaka, hujaiona jeli yangu?" Nikasema mimi mtu wa mionzi, jeli nitaijulia wapi. Akacheka, akaenda jiko la hospitali. Akarudi na sufuria ya wanga uliochemshwa ukapozwa, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Ukafanya kazi. Picha safi kabisa.

Mkuu aliita wauguzi waje waone. Akasema hicho ndicho kichwa anachotaka kukiacha kitengoni. Meza ilikuwa imejaa, kwa hiyo sufuria niliishika mimi.

Jioni mke wangu aliuliza mbona nimenuna. Nikamweleza habari za dirisha. Akasema sebule yetu ina madirisha mawili, na tangu tuhamie sijafungua pazia hata la moja. Akaingia chumbani.

Si hoja. Madirisha ya nyumbani hayana cheo.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu anasema atapendekeza jina wiki hii, na ataangalia nani anabeba mzigo mkubwa. Mzigo wangu umeisha tangu Alhamisi. Lakini nina beji.

Kila mtu wa mionzi anavaa beji kifuani inayohesabu mionzi iliyompata. Mkaguzi wa usalama huja kuisoma. Yangu husoma karibu sifuri, kwa sababu nikibonyeza mashine nasimama nyuma ya ukuta. Nimewaza sana jambo hili. Karibu sifuri inaonekana kama uvivu.

Nimeilaza beji kwenye meza ya mgonjwa, chini ya mashine, nikaipiga picha. Nikairudia. Nimeshinda naipiga, kila nilipopita. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuhudumiwa vizuri hivyo.

Jumatano, 12 Machi
Mkaguzi aliisoma beji, akaisoma tena, akaketi. Akaniuliza taratibu najisikiaje. Chumba changu kimefungwa kwa utepe. Nimetolewa damu.

Daktari aliuliza kama natapika. Nilikuwa na njia mbili: kukiri kwamba niliipiga picha beji, au kuumwa. Nikasema kichefuchefu kipo. Akaandika. Nikaongeza na kizunguzungu, ili maelezo yakae sawa.

Mama Jeli alinishika bega. "Pole, kaka yangu. Na shemeji umemwambia?" Machozi yalimlengalenga. Nilijikaza kisabuni. Miaka yote humu sijawahi kuhurumiwa, na siku ya kuhurumiwa ndiyo siku niliyokuwa mzima.

Kabla ya kuondoka, mkaguzi alinieleza kwamba mtu aliyezuiwa kukaribia mionzi hawezi kuongoza kitengo chenye mionzi. Aliongea polepole, kama anayempa mtu habari za msiba.

Ijumaa, 14 Machi
Mama Jeli ndiye mkuu mpya. Wamepiga makofi. Mimi nilipiga kidogo, mgonjwa hatakiwi kujichosha.

Majibu ya damu yamerudi safi. Daktari anasema hajaelewa, kwa hiyo nizuiwe mpaka aelewe.

Baadaye Mama Jeli aliniita pembeni. Alisema wakati wa chai niwe naenda kukaa ofisini kwake, pale dirishani, hewa itanisaidia. Nimekataa. Dirisha la kuazimwa silitaki. Nimenywa chai yangu koridoni, nikitazama ukuta.

Jumatatu, 17 Machi
Nimehamishiwa kitengo cha mazoezi ya viungo, kuwasha taa za infraredi za watu wa migongo. Ni wimbi refu kuliko la mwanga mwekundu: jicho haliioni, ngozi inahisi joto. Haipenyi mbali. Chumba kina mapazia mazito. Msimamizi wa hapa ana ofisi ya kona yenye madirisha mawili, na goti lake linamsumbua. Wanasema hatamaliza mwaka kazini.

Anayetajwa kumrithi ni mkandaji. Mtu wa mikono mitupu, hana wimbi la aina yoyote. Sikuona haja ya kumfikiria mara mbili.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye maumivu ya kiuno. Nilitaka aone tofauti siku hiyo hiyo. Taa ikisogezwa hadi nusu ya umbali, joto linakaribia kuwa mara nne. Hilo ni la darasani, mwalimu angepaswa kulijua. Nikaisogeza. Aliruka kitandani, akataka kujua mimi ni mganga au mchoma nyama. Nikamweleza kuwa wekundu ule ni maendeleo. Akavaa shati, akapanga foleni ya mkandaji.

Tatizo nimeliona. Niliisogeza kwa woga. Kesho nitaiweka karibu zaidi.