Kuhusu Kiwiko Changu Kilichobaki Kwenye Picha ya Bendi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa mashine zako za kuchapa. Mimi sijambo, ila gazeti lako la Jumanne limeniumiza, na leo nimeilaza biashara nusu siku ili nikuandikie. Ni muuza mabeseni wa kutembeza. Darasa la tano niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, kwa hiyo ukiona herufi imelala, iamshe tu.

Ukurasa wa kumi na moja mmeandika habari za bendi ya Kutu, bendi ya hevi metali, ule muziki wa gitaa la kunguruma na mtu kuimba kama kabanwa kidole na mlango. Mmeweka picha ya watu wanne. Pembeni kushoto kuna kiwiko. Kile kiwiko ni mimi. Mengine yote mmeyakata. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeandika kwamba bendi ilianzishwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yule fundi wa kuchomelea. Si kweli. Siku bendi ilipoanza nilipeleka toroli langu la mabeseni lichomewe gurudumu. Shemeji alikuwa anajaribu gitaa alilojiundia kwa bomba la baiskeli na waya za breki, kaliunga kwenye redio kuukuu, linatoa sauti ya mbuzi aliyeona kisu. Mimi nikachukua kipaza sauti changu cha mkononi, hiki ninachonadia, nikapayuka juu yake: mabeseni, mabeseni, bei ya asubuhi. Fundi pancha wa jirani akaanza kugonga mapipa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na gitaa la besi, mteja kamwacha nusu kichwa. Tulipomaliza, mteja huyohuyo ndiye aliyetupigia makofi. Bendi ilizaliwa hapo, na jina la Kutu nililitoa mimi, nikiangalia bati la ukutani.

2. Katiba niliandika mimi pia, nyuma ya kalenda, na iko ukutani pale karakana hadi leo. Ina kifungu kimoja: mwenye chombo ndiye mpigaji. Nilikiweka ili tusivamiwe na watu wanaokuja mikono mitupu na maoni gunia zima. Kifungu kikafanya kazi kupita kiasi. Muuza maji alikuja kufuata mapipa yake, akakuta yanapigwa, akasoma kalenda, akavua shati, akakaa yeye. Fundi pancha nje. Nikamwambia, kaka, sheria ni msumeno. Wiki ya pili mwalimu wa hesabu akadai gitaa la besi alilomwazima kinyozi. Kinyozi nje. Naye nikamwambia, rudi ukamalizie kile kichwa. Nilicheka siku mbili. Sioni kosa langu hapo, nakupa tu mtiririko.

3. Hao waliobaki ni aibu tupu. Muuza maji anapiga ngoma kama anayejaza ndoo: anaanza polepole, halafu inamfurikia. Mwalimu anahesabu kwa sauti wakati wimbo unaendelea, na mara mbili amesimamisha bendi nzima ili asahihishe. Shemeji anapiga gitaa kavaa miwani ya kuchomelea, haoni kitu, anaupa ukuta uso na watu mgongo. Nyinyi mmeandika kwamba ana mtindo wa kipekee. Mtindo gani? Yule anatafuta watu walipo.

4. Mwimbaji. Hapa naomba niandike kwa adabu, maana mwimbaji mpya ni mama mkwe wangu, shikamoo yake. Ana miaka sitini na mbili, ni mstaafu, kazi yake ilikuwa kuita majina ya wagonjwa kwenye foleni ya zahanati. Jumapili shemeji alimleta mazoezini, mama yake mzazi, bila kuniambia. Kaja na pochi tu, chombo hana. Akanyoosha mkono, akanichukulia kipaza sauti, akasema, "Baba, kapumzike." Nikajibu, "Ahsante, mama." Wewe ungejibu nini? Mkwe habishiwi. Nikamtazama shemeji, yeye akainyooshea kidole kalenda. Nikadhani ananionyesha tarehe.

Ndugu Mhariri, nimenyang'anywa bendi na mtu ambaye siwezi kupandisha sauti mbele yake, na kazi yenyewe ni ya kupandisha sauti. Sisemi anaimba vibaya. Nasema tu kwamba alipoanza, jirani mmoja aliitika "nipo" akaja na cheti chake cha zahanati mkononi.

5. Sasa kiwiko. Kifuniko cha betri cha kile kipaza sauti kimevunjika. Mtu asipokibana kwa kidole gumba, betri zinadondoka na sauti inakufa. Mpiga picha wako alipofika Jumapili hiyohiyo, nilikuwa pembeni nimebana kifuniko, mama anaimba. Miaka sita nimekibana, kidole kina alama. Mtu aliyeshika uhai wa bendi mmemkata, mkawaachia wasomaji kiwiko kama mfupa wa kuku.

Kwa hiyo naomba picha irudiwe, nzima, ukurasa wa mbele, kiwiko kikae katikati na wale wanne pembeni. Wapokonywe jina la Kutu. Kalenda ipelekwe makumbusho, iwekewe kioo na mlinzi. Na Jumamosi hii, kwenye ufunguzi wa soko jipya, ama niimbe mimi, mwanzilishi na mwenye chombo kwa mujibu wa kifungu cha kwanza na cha mwisho, ama wote wanyamaze. Hilo la Jumamosi ndilo linaloninyima usingizi. Wanangu wawili nimewaambia tangu mwezi uliopita kwamba baba yao atakuwa jukwaani, nao wameshaitangazia shule nzima. Uso wangu nitauweka wapi, ndani ya beseni?

Nisalimie wote hapo ofisini: mfagizi, wapanga kurasa, na yule mlinzi wa geti aliyeniambia barua za malalamiko zina sanduku lake na sanduku limejaa. Mpiga picha msalimie kwa mbali.

Ni mimi niliyekatwa,
Bei-ya-Asubuhi,
muuza mabeseni na mwanzilishi.

N.B. Mke wangu kaisoma barua kabla sijaifunga, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Ananikumbusha kwamba kipaza sauti ni cha mama yake. Alikinunua mwenyewe kwa kazi ile ya zahanati, na alipostaafu akaniazima, akasema, "Mpaka utakapopata chako." Nilikuwa nimesahau. Kitu ukikaa nacho miaka sita kinaanza kukuita baba. Kwa hiyo, kwa katiba yangu mwenyewe, sijawahi kuwa mwimbaji wa Kutu hata siku moja. Ni mama, tangu wimbo wa kwanza. Msumeno umenirudia. Barua hii usiichape.

Ila kidole gumba ni changu, sikuazimwa na mtu, na bila hicho Jumamosi hakuna sauti. Kifungu ni kilekile. Mwambie mpiga picha asogee kushoto.