Asili ya Jina Tauliza

Redio ya kinyozi Wembe ni kaidi: ukiitegea sikio inakoroma, ukiipuuza inasema. Asubuhi hiyo ilikoroma habari za mpira mwanzo hadi mwisho, ikazinduka kwenye habari za majina. Msomaji akatangaza kwamba jina Tauliza, ambalo mpaka juzi lilikuwa la mwanamke mmoja tu nchi nzima, sasa linagombaniwa na kila mzazi aliyepata mtoto wa kike. Wodi nyingine, alisema, nesi akiita "Tauliza!" wanalia vichanga nusu ya wodi. Chanzo ni yule dada wa utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, ambaye akisema mvua, hata mwenye kiburi anaanua nguo. Na dada mwenyewe kajifungua binti wiki hii. Alipoulizwa atamwitaje, akajibu: "Tunamsubiri baba yangu. Aliyetunga Tauliza ndiye atakayetunga na hili."

Kwenye benchi lililo kati ya duka la kinyozi na kibanda cha kuchonga funguo, vikombe vya kahawa viligoma kufika midomoni. Macho yote yakamgeukia mchonga funguo.

Baba Tauliza alikuwa ameubana ufunguo kwenye jiliwa akiupiga tupa. Hakuinua uso. Ufunguo wenyewe ulikuwa umekwisha zamani. Sasa alikuwa anauharibu.

"Mtunzi!" Wembe alipaza sauti, kaacha nywele za mteja nusu kichwa. "Nchi nzima inakusubiri wewe, na wewe unasubiri nini?"

"Niache nifanye kazi."

"Kazi gani? Ufunguo huo sasa hivi ni kijiti cha meno."

Baba Tauliza akaushusha. Jasho lilikuwa linamtoka, na jua halijapanda. Mkewe alimwambia angempitia pale waende pamoja kumwona mjukuu, naye alijiapiza kwamba akifika atalikuta jina tayari. Tangu jana usiku alikuwa anatunga. Kila alilolipata lilikuwa la shangazi wa mtu.

Na jambo hili halikuwa dogo kwake. Kijiwe kizima kilijua kwamba Baba Tauliza haamui kitu bila kumwuliza mkewe. Ukimwongeza kahawa ya pili, anakumbuka Mama Tauliza alisemaje kuhusu kahawa. Aliwahi kupaka rangi mlango wa kibanda, ukakaa nusu kijani wiki mbili akingoja idhini ya nusu iliyobaki. Wembe, ambaye kwa maneno yake mwenyewe akikohoa nyumbani hata paka anasimama wima, alimwita mpangaji ndani ya ndoa yake mwenyewe. Ngao yake Baba Tauliza ilikuwa moja tu. Akizidiwa, alikuwa anasema taratibu, "Na jina la mwanangu, alitunga nani?" Hapo Wembe anafyata. Jina lile lilikuwa zuri kupita kiasi, na alikuwa amelitunga mwanamume peke yake.

"Tuanze na asili," alisema Kamusi, mwalimu mstaafu, ambaye hakuna neno ambalo hajui lilikotoka, hata maneno ambayo bado hayajafika. "Jina hili lina viungo viwili. Tau, na liza. Tau ni upinde. Liza ni kumfanya mtu alie. Tauliza, basi, ni upinde unaoliza mawingu. Mnaona? Akawa wa mvua! Jina humwumba mtu."

"Mwalimu," alisema Birika, muuza kahawa, "mwanangu wa kwanza nilimwita Tajiri. Jina lishindwe kumwumba miaka yote hiyo?"

"Hujalitamka sawasawa."

"Mimi nilivyosikia," Birika aliendelea akimimina, "ni taulo. Taulo na Eliza. Jamaa alikuwa hospitalini kashika taulo, nesi anaitwa Eliza. Akili ikachanganyikiwa, Tau-Liza. Jina limepatikana."

"Upuuzi! Lugha haifanyi kazi hivyo!"

"Na upinde unaoliza mawingu ndiyo lugha?"

Yule mteja wa nusu kichwa akachungulia mlangoni na kitambaa shingoni. "Jamani, mke wangu anajifungua mwezi ujao na ameshalichagua hilo hilo. Nimwambie nini sasa, upinde au taulo?"

"Rudi kwenye kiti," alisema Wembe. "Wote wawili wanaongeza chumvi. Mimi nitawaambia asili yake." Akafuta wembe kwenye kiganja kwa mbwembwe. "Mwanamume hatungi jina. Mwanamume analikumbuka. Jina likiwa zuri namna hiyo, lina mwenyewe. Kulikuwa na Tauliza wa kwanza, tena wa ujanani, mwembamba, mwenye mwanya. Mzee akamkosa. Alipopata binti, akalipachika jina la mpenzi wake ndani ya nyumba ya mkewe, na mke analiita kutwa mara mia bila kujua!"

Benchi likasema "Aaaa!" kwa pamoja, kama watu waliofunguliwa mlango.

"Ndiyo maana hana la pili!" Birika alipiga paja. "Mpenzi alikuwa mmoja!"

"Hakuna kitu kama hicho," alisema Baba Tauliza.

"Lisemwalo lipo, mzee mwenzangu," alisema Kamusi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa tayari kuiacha nadharia yake.

"Kama halipo laja," Wembe alimalizia. "Na litafika nyumbani kwake kabla ya saa ya chakula. Mke wa Birika atalisikia, na akishasikia huyo, redio ya nini?"

Baba Tauliza aliliona jambo lote likimjia. Miaka thelathini mkewe amelala akiamini kwamba mumewe, mara moja katika maisha yake, aliamua kitu kizuri. Leo hii ataambiwa kwamba hicho kitu kizuri kilikuwa na mwanya. Akaitupa tupa juu ya meza.

"Sikulitunga!"

Redio yenyewe ilikoma.

"Sikulitunga mimi. Wala hakuna mpenzi. Mngenijua ujanani mngejua hakuna mpenzi."

"Mficha uchi hazai," Kamusi alimnong'oneza. "Sema yote."

"Nilikuwa nje ya wodi ya wazazi, chini ya dirisha. Wanaume hawakuruhusiwa ndani. Mkunga akatoa kichwa, mwanamke mkali, kazi zimemwelemea. 'Wewe, mtoto wa kike, salama. Anaitwa nani?' Mimi ningejua wapi? Sijamwona mtoto, sijamwona mama yake. Nikamjibu, 'Tauliza.'"

"Ndiyo, Tauliza," alisema Birika. "Si ndilo jina?"

"Si jina! Nilimwambia nitauliza! Ni-ta-u-li-za! Nitamwuliza mwenye mtoto kwanza! Ile 'ni' ya mbele niliimeza kwa woga. Mkunga akafunga dirisha, nikasikia huko ndani, 'Tauliza! Jamani, jina zuri!' Na wodi nzima, 'Tauliza! Tauliza!' Niliporuhusiwa kuingia, mke wangu kamkumbatia mtoto, kaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na binadamu. 'Baba Tauliza,' ananiita. 'Jina zuri hivi umelitoa wapi?'"

"Ukasemaje?"

Baba Tauliza akainamisha kichwa.

"Nikasema, moyoni."

Benchi lilipasuka. Birika aliliachia birika lenyewe, kahawa ikamwagika miguuni hata asijue. Wembe alikuwa chini anapigapiga sakafu. Kamusi alijaribu kusema kwamba kuna mifano ya namna hiyo katika isimu, akashindwa kwa kicheko, machozi yakamjaa kwenye miwani. Mteja wa nusu kichwa aliuliza tena, kwa sauti ya kukata tamaa, "Sasa mke wangu nimwambie nini?" na hilo likawamaliza kabisa.

Ikawachukua muda kugundua kwamba Baba Tauliza hacheki wala hakasiriki. Alikuwa anatazama nyuma ya benchi. Wakageuka mmoja mmoja, na kila aliyegeuka akanyamaza.

Mama Tauliza alikuwa amesimama pale na mkoba wa nguo za mtoto begani.

"Shemeji, karibu," alisema Wembe kutoka chini, simba wa nyumbani kwake, akitafuta pa kujificha.

"Nimeshakaribia tangu hadithi yenu ilipofika dirishani," alisema Mama Tauliza.

Baba Tauliza alisimama. Alihisi aibu ya kweli.

"Mama Tauliza, nisamehe. Nilitaka nikwambie siku ile ile. Halafu ukafurahi. Siku zikapita."

"Ungeniambia nini? Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha. Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Neno kwa neno. Na ile 'ni' uliyoimeza niliisikia ikiteremka. Nilikuuliza umelitoa wapi ili nione utasemaje. Uliposema moyoni, nikajifunika shuka, nikacheka mpaka mkunga akadhani nina homa."

Hakuna aliyethubutu kucheka sasa, ingawa Birika alikuwa amejiuma kidole.

"Kwa nini basi ukaliacha jina?" aliuliza Baba Tauliza.

Mama Tauliza akauhamisha mkoba bega la pili. Alipojibu, alimjibu yeye peke yake, kijiwe kikawa hakipo.

"Kitanda cha kulia, mume aliingia na jina la mama yake. Cha kushoto, mume aliingia na jina la bosi wake. Wale wanawake walikuwa wamelala na uchungu usiku kucha, na hakuna aliyewauliza hata maji ya kunywa. Wangu mimi kabanwa na mkunga mkali, kaogopa mpaka kameza herufi, na bado anasema anakwenda kumwuliza mkewe. Jina gani lingine ningelitaka? Kila nikimwita mtoto huyu nakumbuka kwamba baba yake alitaka kuniuliza."

Baba Tauliza akatoa leso, akafuta jicho moja, akasahau la pili. Wembe akainuka, akakung'uta nywele za watu kwenye suruali yake, akasema polepole kama anayejisemea, "Mimi wa kwangu wote wanne nilitoa amri." Hakuna aliyempongeza.

"Twende," alisema Mama Tauliza. "Mtoto anasubiri."

"Mama, sina jina. Nimetafuta usiku kucha. Sina."

"Nani kakwambia ulete jina? Mtoto ameshapata jina. Mama yake kampa alfajiri hii."

"Lakini redioni alisema wananisubiri mimi!"

"Aliwatania hao wa redio. Wanakusubiri uje umpakate."

"Kwa hiyo mmempa jina mjukuu wangu," alisema Baba Tauliza, akivuta pumzi kwa uchungu wote wa mwanamume aliyepokonywa haki yake, "hata bila kuniuliza?"

Benchi likashika mbavu upya. Hata Mama Tauliza alishindwa, akaegemea mlango wa kibanda akicheka.

"Mwanetu anajua?" Baba Tauliza alimwuliza mkewe kicheko kilipotulia. "Kuhusu lile dirisha?"

"Tangu alipovunja ungo. Binti yako si mjinga, Baba Tauliza. Ndiyo maana amemwita mtoto alivyomwita."

"Amemwita nani?"

"Jibu."

Baba Tauliza akalirudia jina mara moja, kwa sauti ndogo. Akafunga kibanda, akauchukua mkoba begani kwa mkewe, wakaondoka.

Kamusi akasubiri wakunje kona. Akasafisha koo, akainua kidole. "Jibu. Sasa, jina hilo asili yake..."

Birika akamnyang'anya kikombe, Wembe akamwinua kwenye benchi, na kila mtu akaenda zake.