Mwalimu wa Pini

Namjua mjanja mmoja aliyejiita Profesa. Niseme ukweli mapema: ni mimi. Lakini nitamsimulia kama mtu mwingine, maana ujinga ukiusimulia kama wa mwenzako, aibu inapungua kidogo.

Profesa alikuwa hajala tangu juzi alipomwona mteja akitoka mbio kwenye duka la fundi cherehani, anaruka kwa mguu mmoja, kimbwa kimening'inia kwenye pindo la suruali yake. Mtu mwenye utu angemsaidia mteja. Profesa alinyoosha kola, akaingia dukani.

"Shikamoo, mama. Huyo mbwa wako anaitwa nani?"

"Marahaba. Pini, na jina limemkaa." Fundi alikuwa karibu kulia. "Mwalimu mkuu anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuangalia sampuli za sare. Huyu akimng'ata, kazi inahamia kwa jirani, na mimi nafunga duka."

"Umempiga?"

"Kwa kandambili, kwa ufagio..."

"Ndipo ulipoharibu!" Profesa alifumba macho kama anayekumbuka chuo. Alikuwa anakumbuka kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni. "Mbwa anafundishwa kwa zawadi, mama. Akinusa mguu asiung'ate, unasema 'Hodari!' na papo hapo unampa ini. Ukichelewa, hajui amesifiwa kwa lipi. Nitahitaji robo kilo kila siku. La kuchemsha, na chumvi kidogo."

"Mbwa anakula chumvi?"

"Huyu wa mjini, mama."

Masomo yalifanyika stoo, mlango umefungwa. Profesa alipaza sauti, "Hodari!" mpaka wapita njia wakasikia, kisha akala ini. Pini alilisindikiza kila tonge kwa macho. Unyama ule unaniuma hadi leo, ingawa ini lilikuwa limeiva vizuri.

Fundi alimwomba tu, "Baba, hebu nishikie hii pasi mara moja." Akaishika. "Hodari!" akasema fundi, na sahani ya wali ikatua papo hapo. Kesho yake yalikuwa mashati mawili, hodari, bakuli la mchuzi. Kufika siku ya tano Profesa alikuwa anashona vifungo kabla hajaombwa, huku akijipongeza moyoni kwamba amemweka fundi mfukoni.

Alipanga kutoweka Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na nyama ya kukaanga. Kwa hiyo Jumamosi mwalimu mkuu alipoingia, mjanja wetu alikuwa bado nyuma ya meza ya pasi, jasho linamtiririka, maana alijua mwanafunzi wake hajawahi kuonja somo hata moja. Pini akajongea, akanusa soksi za mwalimu, akaketi kwa adabu.

"Hodari!" akasema fundi, mkono ukiwa mfukoni mwa aproni.

Profesa aligeuka upesi kuliko mbwa, mdomo wazi.

Ini lilikwenda kwa Pini. Mwalimu mkuu akacheka, akaagiza sare mia mbili, kisha akamnyooshea Profesa kidole. "Ndiye huyu aliyemfundisha mbwa?"

"Mbwa nilimfundisha mwenyewe nyumbani, jioni nne tu," alijibu fundi, akikunja sampuli. "Huyu ndiye aliyenitoa jasho. Karibu wiki mbili, na vifungo bado anavishona upande."

Nilitaka kukasirika, wallahi. Badala yake nikauliza ni vya shati lipi.