Nani Atakanyaga Theluji Kwanza

Jumapili, 22 Machi. Tabora.

Mkutano wa klabu yetu ya matembezi umekwisha kwa kelele. Agosti tutaifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara, Tabora hadi Ujiji, na msafara lazima uwe na kirangozi, yule anayetangulia mbele na joho jekundu. Tunaolitaka joho ni wawili: mimi na Twalibu seremala. Kura zimefungana mara mbili. Mwenyekiti, Bi Bernadeta, muuguzi mstaafu, akachoka nasi. Akasema kesho tunaanza ile safari yetu ya Kilimanjaro sote watatu; basi atakayekuwa wa kwanza kukanyaga theluji ndiye kirangozi, na asisikie neno tena.

Nimefurahi mno! Babu mzaa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo bila kupumzika. (Hilo la kutopumzika nimeliongeza mimi, lakini linaelekea.) Watu wa ukoo wa Twalibu waliuza shanga, tena wameketi. Damu itajionyesha.

Jumanne, 24 Machi. Mandara, kituo cha kwanza.

Nimekataa kumpa mpagazi begi langu. Nimelitwika kichwani kama babu. Wapagazi wa huku wametazamana. Wivu wa kikazi.

Kiongozi wetu, Damas, ni mtu wa ajabu. Kila nikimpita ananiambia pole, pole. Nikamshukuru. Akarudia. Mwishowe nikamuuliza kwa nini ananipa pole na mimi sijafiwa wala siumwi. Akasema hanipi pole, ananiambia nitembee polepole. Twalibu akasema nizipokee tu, bwana Vedasto, niziweke akiba.

Baada ya chakula cha mchana nimempa mpagazi begi. Si kwamba nimechoka. Vijana wanahitaji ajira.

Jumatano, 25 Machi. Horombo, kituo cha pili.

Ushindi! Halafu si ushindi.

Tumefika kwenye ukungu mzito, baridi ya kukata masikio. Nyuma ya jiko nikaona weupe juu ya mawe. Laini, unarukaruka kwa upepo. Nikaurukia kwa miguu yote miwili. Nikapiga kelele mpaka Wazungu wakatoka kwenye vibanda vyao. Nikamwomba Bi Bernadeta anipige picha nikiwa nimenyoosha mkono kama kirangozi. Akapiga.

Twalibu akainama, akachota kidogo, akaonja. Akatangaza kwa sauti ya muadhini kwamba ni sembe. Mpishi akatokea na beseni. Gunia lilikuwa limempasukia. Akaniuliza kama kwetu Tabora unga tunausaga kwa viatu. Bi Bernadeta alicheka mpaka akashika ukuta.

Picha haifutwi. Nimeomba.

Nina mpango. Kesho nitaondoka wenzangu wakiwa bado kwenye chai. Damas amesema theluji ya mwezi huu imeshuka chini, haiko mbali na njia.

Alhamisi, 26 Machi. Horombo tena.

Naandika nimelala.

Niliondoka kama nilivyopanga. Mbio! Hakuna aliyenipa pole. Baada ya saa chache kichwa kikaanza kugonga kama karakana ya Twalibu. Mlima ukazunguka. Nikatapika uji, nikaendelea kwa magoti. Theluji ilikuwa pale mbele, nyeupe kweli, mwendo wa kuvuka barabara tu. Miguu ikagoma.

Twalibu akanifikia. Akaitazama theluji. Akanitazama mimi. Akaniita mjinga, mjinga wa kutupwa, kisha akaketi kwenye tope, akanilaza kichwa mapajani, akapaza sauti kumwita Damas. Angepita tu, joho lingekuwa lake! Nadhani aliogopa nisije nikainuka ghafla.

Bi Bernadeta akaja na Damas. Akanipima mapigo, akanitazama macho, akaamuru nishushwe sasa hivi, hakuna mjadala. Nikasema nipewe dakika moja tu. Akaniambia ninyamaze, baba, maiti hawi kirangozi. Machela ilipokuwa inaandaliwa, akapiga hatua chache mbele kunyoosha mgongo. Akaikanyaga theluji kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Mimi na Twalibu tulitoa sauti moja.

Nimeshushwa kwa machela, wapagazi sita wakipokezana. Mjukuu wa mpagazi, mzigo! Twalibu alitembea kando yangu njia nzima, amenishika mkono. Alikuwa analia au anacheka, sikuona vizuri.

Jumatatu, 30 Machi. Tabora.

Kichwa kimepona. Bi Bernadeta amelivaa joho kwenye mkutano, na watu wamepiga vigelegele. Twalibu ameshaisambaza picha ya sembe. Muuza nafaka wa sokoni ameniuliza kama nataka kujaribu bidhaa kabla ya kununua.

Lakini nimekaa, nimefikiri kwa utaratibu. Kosa langu lilikuwa kutaka cheo kidogo. Kirangozi ni nani? Ni mtu anayetembea. Zamani mtemi hakutembea, alibebwa! Na katika klabu nzima, aliyewahi kubebwa mlimani, tena na watu sita, ni mmoja tu.

Nitapeleka hoja: msafara wa Ujiji uwe na mtemi juu ya machela. Uzoefu ninao. Kinachohitajika ni wabebaji imara, na nimechunguza. Twalibu ana mabega mazuri sana.

Kesho naanza kumsifu.