Folda ya Chanjo Imegoma Kushuka Ngazi

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Mwenyekiti wetu, Mzee Melkior, ametangaza mbele ya wafanyakazi wote wa chama cha maziwa hapa Kibosho. Folda ya chanjo, yenye orodha ya ng'ombe, iko kwenye kompyuta yangu ghorofani. Atakayeiwezesha kufunguka kwa Mektrida, karani wa mapokezi chini, kabla daktari wa mifugo hajafika Ijumaa, atakuwa Msimamizi wa Mtandao. Na ufunguo wa chumba cha mitambo atapewa! Nani mwingine kama si mimi, Wenseslaus? Nimeshanunua kamba ya kuuvaa shingoni.

Jumanne, 3 Juni

Folda haifunguki. Nimebadilisha nywila mara tano. Nimeruhusu kila mtu, hata wasio wafanyakazi. Wapi!

Mektrida kaniambia, kwa ule upole wake wa kukera, kwamba folda haina kosa. Ghorofani tuna ruta yetu, namba zinaanza na 192.168.1. Chini wana yao, zinaanza na 192.168.2. Ni mitandao miwili isiyojuana, ruta zinatakiwa zionyeshwe njia. Kozi ya wiki mbili mjini Moshi imempa kiburi. Nimemjibu kwamba nilianza kushika kompyuta yeye akiwa bado anachonga penseli.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata! Mitandao hii ni kama vihamba viwili, mashamba ya migomba ya nyumbani, vilivyotengwa kwa mimea ya masale mpakani. Ng'oa masale, kinabaki kihamba kimoja. Alfajiri, kabla Mektrida hajafika, nimeipa ruta ya chini namba ileile ya ruta ya juu. Mapacha!

Saa moja mizani ya maziwa imeacha kutoa risiti. Printa kimya. Saa tatu foleni ya akina mama na madumu yao imefika barabarani. Bibi mmoja kaniuliza kama nimelogwa. Nimemwamkia shikamoo, nikapanda juu haraka.

Alhamisi, 5 Juni

Mzee Melkior kasema nichague: niache kazi, au nimpelekee Mektrida isale. Kwa mila yetu Wachagga, ukimpelekea mtu jani la isale lililofungwa fundo, hawezi kukunyima msamaha. Nimekata moja mpakani kwangu. Kichwa nimeinamisha, moyo hapana! Kalipokea, kasema yameisha, ila nisiguse tena ruta.

Ijumaa, 6 Juni

Mektrida karudisha namba za ruta ya chini, mizani na printa zikaamka. Kaziwekea ruta zote mbili njia ya kufikiana. Halafu kaja kwenye kompyuta yangu, kakuta ulinzi wa kompyuta hiyo unakubali mtandao wa ghorofani peke yake, karuhusu na wa chini. Dakika ishirini. Folda imefunguka. Daktari kaondoka na orodha, ng'ombe watachanjwa.

Ufunguo kapewa yeye. Watu wamepiga makofi. Uonevu mtupu! Imeniuma, siwezi kuficha. Kwenye kamba yangu nimetundika kalamu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetafakari. Mapacha hawakuwa na kosa. Nilikosea kubadilisha ruta moja. Nilitakiwa kubadilisha zote mbili.

Na kuna jambo hakuna aliyeliona isipokuwa mimi: isale halikataliwi. Hata mara ya pili. Hata ya kumi. Leo nimeshinda nyuma ya ofisi na jembe, nimepanda miche kumi na miwili ya masale.

Jumatatu naanza na ruta ya juu.